Mashine Isiyoonyesha Moto

Wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, nitakupa kwa kifupi tu, maana aibu yangu haihitaji kusimuliwa mara mbili.

Mimi ni Nzanzu, Mnande wa Butembo, muuzaji wa maharagwe kwa jumla, mkazi wa Bel-Air hapa Lubumbashi. Nilikwenda mtaa wa Hewa Bora kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Musonda. Kwa kujiona, nikaenda na mbuzi wangu, wachomaji wangu na majiko ya makaa, haya tunayoyaita babula. Tukayapanga chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Mama Ngosa ana pumu. Moshi uliingia dirishani, mama akatolewa amebebwa hadi hospitali, na mimi nikabaki uani na mbuzi aliyeiva upande mmoja.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini Hewa Bora nzima ikaanza kuniita Bwana Moshi. Na baba mkwe, Papa Nkandu, akatuma neno kwamba habari za ndoa zingoje mpaka mama apumue vizuri. Kungoja kwa namna hiyo nakujua. Ndivyo watu wenye adabu wanavyosema hapana.

Basi nikawa sili, silali. Nilimtaka Musonda, na kati yangu na Musonda palikuwa na kifua cha mama yake.

Siku moja nilipeleka magunia kwa mteja mmoja tajiri. Nikakuta anachoma mbavu uani kwa mashine. Hakuna makaa, hakuna mtu wa kupepea. Moshi ulikuwa mwembamba, unatoka kwenye kibomba kimoja na kupotea juu, na watoto wake wanacheza pembeni bila kupiga chafya. Nikasimama pale nikisahau hata kushusha mzigo.

Nikajisemea, hii ndiyo itakayonirudishia mke.

Nilikwenda dukani na wanawake wawili, na hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Wa kwanza ni Musonda mwenyewe. Wa pili ni dada yangu mkubwa, Émerance. Huyu alinilea tangu tulipofiwa na wazazi, na alitoka Butembo ili awe mdomo wa ukoo wetu mbele ya wakwe. Mimi namwita yaya, na sijawahi kumjibu vibaya. Shikeni neno hilo.

Muuzaji, Adrien, alitupeleka nyuma ya duka. Mashine zilikuwa mbili.

"Patron, hapa haina makaa," akasema. "Unatia granulés mu hii caisse, hii sanduku." Akachota mkononi vipunje vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, vigumu kama chakula cha kuku. "Vis, hii chuma ya kuzunguka, iko inazisukuma kidogo kidogo mpaka mu kikombe ya moto, chini kabisa. Feni inapuliza. Weye unachagua chaleur, joto yake, na kidole, unaenda kukaa."

Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa, inang'aa, ina kioo chenye taa za rangi na vyuma vya kupanga nyama ghorofa tatu. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi, nzito, na sura yake haikuwa ya kumpendeza mtu. Kifuniko chake tu nilikiinua kwa mikono miwili.

Émerance aliishika ile kubwa akaipapasa. "Hii njo mashine. Bakwe bakikuja bote, banakula bote. Ile ingine itatosha mbavu ya mbuzi moja tu. Utabagawia vipande kama batoto?"

Alikuwa na haki. Kwetu mgeni akiondoka na njaa, jina lako linafika Butembo kabla yake.

Musonda hakuuliza ukubwa wala rangi. Amekua karibu na kitanda cha mama yake, na jicho lake linatafuta moshi tu. Alitoa kwenye mkoba kikaratasi cha biskuti, akakibana kati ya kifuniko na mwili wa ile kubwa, akafunga, akakivuta. Kikatoka bila shida. Akafanya hivyo kwa ile nyeusi. Kikachanika.

"Baba, ziwashe zote mbili," akamwambia Adrien.

Adrien hakupenda, lakini aliwasha. Tukasubiri. Ile nyeusi ilitoa moshi mzito mwanzoni, kisha ukawa mwembamba, ukapita kwenye kibomba chake peke yake. Ile kubwa ilitoa moshi kibombani, ikatoa ubavuni, ikatoa hata kwenye bawaba za kifuniko. Namba za joto kwenye kioo chake zilipanda na kushuka kila upepo ulipopita, kwa sababu bati lake ni jembamba. Musonda akafungua vifuniko vyote viwili kwa muda, akavifunga tena. Nyeusi ilirudi kwenye joto lake mara moja. Kubwa ikaendelea kuhangaika.

"Na mvua?" akauliza.

Adrien akakuna shingo. "Ile ya kungaa, mvua haiipendi sana. Mu mwaka itaanza kutoboka. Sitakudanganya, mama."

"Yaya," Musonda akamwambia Émerance, kwa upole kabisa, "mama yangu hawezi kukaa karibu na ile kubwa."

"Mama yako atakaa mu salon," Émerance akajibu. "Bageni bengine batakula nini?"

"Nyama inaweza kuchomwa mara mbili. Kifua haina mara mbili."

Wote wawili wakanigeukia. Adrien naye akanitazama, nadhani kwa huruma.

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kumvuta dada pembeni. Badala yake nikasema, mbele ya muuzaji, "Yaya, jikoni hii itakuwa ya Musonda. Wacha yeye achague."

Émerance alifunga kitenge chake upya, taratibu. "Sawa. Nimesikia." Akatoka dukani, akasimamisha teksi, akaenda nyumbani peke yake.

Nilijua nimemuumiza. Nikajiambia nitamtuliza jioni. Jioni ilifika, nikaogopa, nikaiacha ipite.

Tukachukua ile nyeusi. Adrien alipokuwa anaifunga garini alinipa maneno mawili. "Kwanza uiwashe tupu, mafuta ya usine, ya kiwanda, iungue, ili isiingie mu nyama. Ya pili ni courant. Umeme njo inazungusha vis na feni. Courant ikikatika na moto iko ndani, feni inanyamaza, granulés zinaanza kufuka, na moshi yake haina mchezo. Fungia inverter, ile ya kutunza courant mu batri."

"Ninayo, iko ku dépôt," nikasema, maana huwa inakaa ghalani kwangu.

Nikaiwasha tupu kama alivyosema. Nikajaribu mbuzi. Nawaambia ukweli, sijawahi kula nyama kama ile. Ilikuwa laini hadi mfupani, ina harufu ya mbao bila ukali wa makaa, na moshi uliokuwa unatoka mtoto mchanga angelala pembeni yake. Nikaona ndoa yangu imerudi.

Na kama vile mbingu zimenisikia, Émerance akaniambia, bila kunitazama, "Bantu ba Hewa Bora bametuma neno. Banakuja dimanche, kanisa ikiisha."

"Na Mama Ngosa?"

"Na yeye."

Nilifurahi hadi nikasahau kumuuliza neno lenyewe lilikuwaje. Nikasahau pia inverter kule dépôt.

Jumapili ikafika. Gari lao likasimama ndani ya uzio. Akashuka Papa Nkandu katika koti lake la kanisani. Akashuka Mama Nono, mdogo wake Mama Ngosa, ambaye ndiye anayebeba maneno ya familia. Musonda hakuja. Mama Ngosa alibaki ndani ya gari, amegeuza uso upande wa pili.

Hilo halikunishtua. Kwao mama mkwe hakutani uso kwa uso na mkwe, na tangu nianze uchumba sikuwahi kusikia sauti yake ikisema nami. Nikadhani ni heshima tu.

Nikawakaribisha kwenye viti vya uani, karibu na mashine. Émerance akaleta maji. Papa Nkandu akaipokea glasi, akaiweka mezani. "Maji itangoja," akasema.

Nikaleta nyama. Mbavu zimeiva, zinang'aa, chumvi na pilipili kwa kipimo. Nyingine niliziacha ndani ya mashine, ziendelee taratibu. Nikanawisha mikono yao. Hakuna aliyenyoosha mkono sahanini.

Papa Nkandu alitazama nyama. Mama Nono alitazama kucha zake. Kimya kile kilinibana kifua, nikaona sasa mwenye pumu ni mimi.

Simu ikalia. Musonda. Nikajitenga hatua chache.

"Nzanzu, uko unafanya nini kule?"

"Niko nachomea bazazi bako nyama."

"Banakula?"

"Bado."

"Habatakula." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Niko natoka kusikia sasa hivi. Mama Nono alikuja kwako mu juma hii, hakukukuta. Alileta neno, mama anataka kukuonyesha moto. Bakamujibu mama asichoke na masufuria yake, sababu uko na mashine inapika yenyewe."

"Nani alimujibu?"

Niligeuka nikamtazama Émerance, naye alikuwa anatazama sakafu.

Niliporudi kitini Papa Nkandu alikuwa tayari. Alikuwa ameningoja nimalize simu, kwa adabu ile ya kuogopesha.

"Mukwe," akasema, "kwenu ku Butembo sijui. Kwetu mukwe hakule kwa bakwe, na bakwe habakule kwa mukwe, mpaka kwanza bamama ba nyumba bapike. Banabeba masufuria mpaka kwake, banamufunulia moja moja, banamuambia hii ni nini, hii ni nini. Njo tunaita chilanga mulilo. Ni kumuonyesha moto. Moto ya mama ya bibi njo inatangulia. Ya mukwe inafuata."

Nikataka kusema. Akainua kidole.

"Ngoja. Mama Ngosa alitoka ku hôpital. Bantu banasema, ule kijana tumuache. Ni yeye alisema hapana. Alisema, nitapika, nitamupelekea, ili asibebe jina ya moshi maisha yake yote. Alitaka maneno iishe. Mukamurudishia jibu, sufuria yake haina kazi. Leo tumekuja kukuangalia na macho, kujua kama ni weye ulisema."

Yule mama niliyekuwa nanunua mashine ili anisamehe, alikuwa amekwisha kunisamehe. Na nyumba yangu ndiyo iliyomfungia mlango.

"Papa, sikujua," nikasema.

"Ni mimi nilisema." Émerance alisimama. "Niliwaza kifua yake. Kwetu mugonjwa hapikiake bageni, ni bageni njo banamupikia. Nilimuonea huruma, papa. Haikuwa madharau."

Papa Nkandu akamgeukia. "Nimekusikia, mama. Lakini kumuambia mwanamuke asipike, inamuuma kupita ugonjwa."

Akainuka, akaenda kwenye mashine. Nikamfuata nikijikwaa. Akaizunguka, mikono mgongoni, kama anakagua gari la mitumba.

"Na hii moto yako mwenyewe, iko wapi?"

Nikafungua kifuniko. Mbavu zilikuwa zimepangwa vizuri, mafuta yanadondoka kwenye bamba la chuma lililo chini yake.

"Iko chini, papa. Chini ya hii chuma."

"Siioni."

"Haionekanake. Imefunikwa ili moshi isitoke."

"Moto ya kufichwa," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu.

Na hapo hapo feni ikanyamaza.

Namba za joto zikapotea. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo. Mtaa mzima wa Bel-Air ukaguna pamoja, kama tunavyoguna siku zote. Nikakumbuka inverter yangu, imekaa salama dépôt juu ya magunia ya maharagwe.

Moshi ulianza kupenya pembeni mwa bamba, mweupe, kidogo kidogo, kisha mwingi. Nikafunga kifuniko kwa kishindo. Kifuniko kilikuwa kinabana vizuri, lakini kile kibomba hakina mlango, na moshi ukafuata njia yake. Upepo ulikuwa unaelekea kwenye gari.

"Mufunge vioo," nikapiga kelele. "Mama Nono, mufunge vioo vya gari."

Mlango wa gari ukafunguka.

Mama Ngosa akashuka. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Alikuwa amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitenge, fundo juu, na alitembea nayo katikati ya ule moshi bila kuharakisha. Mama Nono alimkimbilia amsaidie kubeba, lakini mama akamtikisia kichwa. Alikuja hadi mezani, akaisukuma kando sahani yangu ya mbavu kwa kiwiko, akaitua sufuria yake mahali pake.

Hakunitazama. Alimwambia mdogo wake, lakini kwa sauti ya kunifikia, "Muambie mukwe, nilipika. Na babula, inje, ku upepo, polepole. Niko muzima."

Nilitaka kulia, na sioni aibu kuliandika hilo gazetini. Alikuwa amepika hata baada ya kukataliwa. Aliibeba sufuria ile kutoka Hewa Bora akiwa hajui kama itashuka garini.

"Sasa," Papa Nkandu akasema, "mwanamuke wa kwao mukwe afunue. Ni yeye tu. Mukwe hafunue, na sisi hatufunue. Ikifunuliwa, mukwe anakula, na maneno yote imeisha. Ikirudi Hewa Bora imefungwa, basi mutoto wetu naye anabaki Hewa Bora."

Mwanamke wa kwetu pale Bel-Air alikuwa mmoja tu.

Émerance alisogea. Alipiga goti kidogo mbele ya Mama Ngosa, akaweka vidole kwenye fundo la kitenge. Nikaanza kupumua. Kisha vidole vikasimama, akainua macho, na hakumtazama Mama Ngosa. Alinitazama mimi.

"Mupigie Musonda simu," akasema. "Aje afunue yeye. Si njo yeye anachaguaka mambo ya jikoni hii?"

"Yaya," nikasema, nikaenda hadi sikioni pake. "Yaya, naomba. Nilikosea."

"Ulikosea mbele ya mutu wa duka," akajibu bila kushusha sauti. "Sasa unaniomba musamaha mu sikio."

Aliliachia fundo.

Papa Nkandu alichukua kofia yake juu ya kiti. Mama Nono alisogeza mikono kwenye masikio ya sufuria, tayari kuinyanyua. Nyuma yangu ile mashine nyeusi, iliyochaguliwa kwa ajili ya pafu la mtu mmoja, iliendelea kufuka, na moshi ulikuwa umefika mezani.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilitakiwa kusema kwa sauti, mbele ya wakwe, kwamba nilimvunjia heshima mwanamke aliyenilea. Nikapiga magoti kwa dada yangu pale pale kwenye saruji. Nikafungua mdomo.

Kabla neno halijatoka, Mama Ngosa akakohoa.

Akakohoa tena. Akajishikilia kwenye meza, akaketi polepole, mkono mmoja kifuani, na ule mwingine ukiwa bado juu ya sufuria iliyofungwa.

Itaendelea juma lijalo.